Triathloni ya kwanza nje ya lami: wiki 12 za kujiandaa

Ukitaja triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, wengi huwaza barabara ya lami na baiskeli zenye tairi nyembamba. Ipo nyingine. Unaogelea baharini, ziwani au bwawani, unatoka na kupanda baiskeli ya milimani kupitia mchanga, mizizi na makorongo, kisha unaiacha baiskeli na kumalizia kwa kukimbia kwenye vijia vya msituni. Wengi huiita XTERRA, kwa sababu mfululizo huo wa mbio, ulioanza mwaka 1996 kisiwani Maui, Hawaii, ndio ulioitangaza duniani. Kwa upande wetu wa Afrika, Grabouw nchini Afrika Kusini waliiandaa kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kukimbia kilomita 3 bila kusimama, anayejua kuendesha baiskeli, na anayeweza kuvuka bwawa la mita 25 hata kwa kuhangaika. Kama hujui kuogelea kabisa, tafuta mwalimu kwanza, jipe miezi miwili, halafu urudi hapa. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na Kisarawe kwa kuwa ndiko ninakofanyia mazoezi. Wa Tanga na Mombasa atabadilisha majina ya mahali tu; wa Mwanza ana jambo lake, nitalieleza.

Kuna jambo moja nataka ulishike mapema, maana mimi nililishika kwa kuchelewa. Anayeanza hukimbilia kuongeza pumzi, akidhani akiwa na mapafu makubwa mengine yatajipanga. Nje ya lami sivyo. Kinachomchosha mtu ni hofu ya maji na woga wa mteremko: anakaza mabega, anabana breki, anapigana na kila kitu, na nguvu zote alizozitafuta kwa wiki nyingi zinaishia hapo. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mazoezi haya ni ufundi. Jasho litafuata.

Hatua ya 1: Chagua umbali na tarehe

Vipimo vya mbio hizi havifanani kila mahali, kwa sababu njia hufuata mlima na msitu ulivyo. Ndefu ya kawaida ni kuogelea mita 1,500, baiskeli kama kilomita 30 na mbio kama kilomita 10. Fupi ni karibu nusu yake: mita 750, kilomita 15 hadi 20, na kilomita 5. Anza na fupi.

Anayeanza akadirie dakika 20 hadi 25 majini, saa moja na robo hadi moja na nusu kwenye baiskeli, na dakika 35 hadi 45 za mbio. Utaona kuwa baiskeli peke yake inakula zaidi ya nusu ya muda wote. Kama wewe ni mkimbiaji mzuri, hesabu hii itakuuma, lakini ndiyo hali halisi.

Tarehe iwe nje ya masika, kisha hesabu wiki 12 kurudi nyuma. Kama una historia ya presha, moyo au pumu, onana na daktari kabla ya wiki ya kwanza, si baada ya kuanza kujisikia vibaya.

Hatua ya 2: Baiskeli

Baiskeli ya milimani ya mtumba inatosha, mradi ni nzima. Ikague kabla ya kutoa fedha. Igeuze juu chini, zungusha kila gurudumu ukitazama linavyopita kwenye breki. Likicheza kushoto na kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda. Shika mkono wa pedeli uutikise kwa pembeni. Ukigonga, beringi zimekwisha. Hizo zote fundi anaweza kuzitengeneza. Asichoweza ni ufa. Pitisha kidole kwenye viungo vya fremu, hasa karibu na usukani, ukitafuta mstari mwembamba chini ya rangi. Ukiuona, ondoka, bei iwe nzuri namna gani.

Helmeti nunua mpya. Iliyowahi kugonga chini inaweza kuwa imepasuka ndani na nje ikaonekana safi.

Upepo wa tairi ndipo wengi wetu tulipofundishwa vibaya. Fundi wa mtaani hujaza mpaka tairi liwe kama jiwe, kwa kuwa yeye anafikiria mizigo na lami. Kwenye mizizi na changarawe tairi gumu linarukaruka na kuteleza. Mtu wa kilo 65 hadi 75, mwenye tairi za upana wa inchi 2 na zaidi zenye tyubu, aanze na psi 28 hadi 32 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), ya nyuma ikizidi ya mbele kidogo. Usishuke mno: tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, na utapata matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, ongeza upepo kidogo safari ijayo.

Kwenye mfuko wa siti weka tyubu moja, vyuma vya kutolea tairi, viraka na sulusheni, pampu ndogo na funguo za pembe sita. Halafu fanya mazoezi ya kuziba pancha ukiwa nyumbani, zaidi ya mara moja. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima: mwiba uliobaki utakishika. Usipitishe kidole kitupu. Na usipoutafuta mwiba huo, utaziba pancha ileile tena baada ya mita 100.

Hatua ya 3: Maji

Hapa nenda polepole kuliko unavyotaka.

Wiki nne za kwanza baki bwawani. Kosa la karibu kila mtu ni kubana pumzi. Uso ukiingia majini, anza kutoa hewa, mapovu yatoke mfululizo. Ukigeuza uso pembeni, kazi iliyobaki ni kuvuta tu. Anayebana pumzi hulazimika kutoa na kuvuta katika nusu sekunde ileile, na baada ya mita 20 anahisi kufa ilhali kifua chake kimejaa. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo, zamisha uso, toa mapovu, geuza, vuta. Mara 20 kila unapoingia bwawani. Ni zoezi la kitoto, na ndilo lililonifungulia njia.

Kisha ongeza umbali kwa vipande. Wiki ya kwanza, mita 25 mara 8, ukipumzika nusu dakika kila kipande. Ya tatu, mita 50 mara 6. Ya tano, mita 100 mara 5. Ya nane, mita 200 mara 3. Ya kumi jaribu 750 mfululizo, kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza kama mdomo usingekuwa majini.

Kuanzia wiki ya tano, mara moja kwa wiki nenda baharini. Usiende peke yako hata siku moja. Vaa kofia ya rangi kali, na vuta kitu kinachoelea: boya maalumu kama unalo, au dumu la njano la lita 5 lililofungwa vizuri na kamba ya mita 2 kiunoni. Dumu si kifaa cha uokoaji, lakini boti litakuona, na ukichoka una cha kushika. Ogelea sambamba na ufukwe, mahali ambapo ukisimama unagusa mchanga. Maji ya Dar ni ya uvuguvugu mwaka mzima, vazi la mpira la kuogelea halihitajiki. Anayekwenda kushindana kwenye mabwawa ya Afrika Kusini ndiye aliulizie.

Jifunze kusoma maji. Hapa Dar, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ukiingia saa 12 na nusu siku hizo, unaingia wakati maji yanatoka kwa nguvu, yanakuvuta nje, na baada ya muda mfupi unakanyaga mawe na viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Wiki inayofuata, siku za maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi maji yanapanda taratibu na kujaa karibu saa 4, mvuto ukiwa mdogo. Hizo ndizo asubuhi za mwanafunzi. Thibitisha kwenye jedwali la maji, kwani kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na waulize wavuvi wa mahali hapo. Msimu wa kusi, ingia mapema kabla upepo haujaamka. Mkondo ukikuchukua kuelekea nje usipambane nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uuache, ndipo ugeuke kurudi.

Mara yangu ya kwanza kutoka bwawani na kuingia baharini ilikuwa Mjimwema, Kigamboni. Nilifika pale mchanga unapoacha kuonekana chini, maji yakawa kijani kizito, na mikono ikaanza kwenda mbio bila mimi kuiamuru. Nilimeza maji. Mwenzangu alikuwa hatua chache nyuma, lakini aliyewahi kuzungumza ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitoa majani kwenye nyavu, ngalawa yake ikiwa imetia nanga karibu. “Mwanangu, lala chali kwanza,” akasema, bila kupaza sauti. “Inabeba ngalawa hii, itakushindwa wewe?” Nikalala chali. Masikio yakazama, kelele zikakatika, nikabaki nasikia pumzi yangu tu. Nilihesabu pumzi 20, nikageuka, nikaendelea. Tangu siku hiyo kila nikiingia baharini naanza kwa kulala chali dakika nzima kwenye maji marefu kidogo, na nakushauri ufanye hivyo, ili mwili ujue mlango wa kutokea kabla haujauhitaji.

Mwisho, jifunze kutazama mbele. Kila baada ya mikono 8 hadi 10, inua macho tu yatoke juu ya maji kama ya mamba, tazama alama kubwa uliyoichagua nchi kavu, mnara au minazi mirefu, kisha geuza uso uvute pumzi. Ukiinua kichwa kizima, miguu itazama.

Wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu: maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yana kichocho, na kuna sehemu zenye mamba na viboko. Usiogelee mahali wenyeji hawaogelei, hata pakivutia. Na kama unaingia ziwani mara kwa mara, zungumza na daktari kuhusu kupima kichocho na kutumia dawa yake, praziquantel.

Hatua ya 4: Njia

Wiki mbili za kwanza tafuta kiwanja cha mpira. Panga chupa 6 za maji kwa mstari, mita 2 kati ya moja na nyingine, uzipite kwa kuzungukazunguka, polepole uwezavyo bila kuweka mguu chini. Baiskeli inayokwenda polepole ndiyo inayofundisha mizani. Kisha jizoeze kusimama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, viwiko vimekunjwa na kutazama nje, magoti yamelegea, makalio yameachana na siti. Huo ndio mkao wa kila kitu kibaya kitakachokuja mbele yako. Mwili ukae juu ya baiskeli, baiskeli iruhusiwe kucheza chini yako.

Kwenye mteremko, shusha siti kidogo, rudisha makalio nyuma, tumia kidole kimoja au viwili kwa kila breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, hivyo usiiogope, ila usiishike ukiwa kwenye kona. Nina kovu la kiwiko cha kushoto kutoka msitu wa Pugu. Palikuwa na mteremko mfupi mwekundu, mvua ilipita juzi yake na kuacha utelezi wa mchanga juu ya udongo mgumu, na mwisho wake kona ya kulia. Niliingia kasi, nikashtuka katikati ya kona, nikabana breki ya mbele. Gurudumu likaondoka upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilichopaswa kufanya ni kupunguza mwendo kabla ya kona, wakati baiskeli bado imenyooka, kisha niachie, pedeli ya nje ikiwa chini na macho yakitazama mwisho wa kona. Macho ndiyo yanayoendesha. Ukilitazama jiwe utaligonga. Tazama nafasi iliyo kando yake.

Kwa mchanga wa Kigamboni, badilisha gia nyepesi kabla hujaufikia, uzito nyuma, mikono mepesi, na usiache kukanyaga. Gurudumu la mbele litatangatanga. Liache. Anayelikaza ndiye anayeanguka. Kwa mlima vilevile: gia ibadilishwe kabla ya mwinuko, maana ukisubiri mpaka umekwama, cheni italalamika au kukatika.

Kushuka na kusukuma baiskeli si aibu wala si kosa, hata mashindanoni. Jizoeze kushuka upesi, kuibeba juu ya gogo na kupanda tena. Kuna sehemu anayesukuma humpita anayeng'ang'ania siti.

Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, ndipo penye vilima vya kweli karibu na jiji. Ni hifadhi inayosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina kiingilio. Uliza getini njia zinazoruhusiwa baiskeli, na mpe njia mwenye kuni na mwenye mguu kila mnapokutana.

Hatua ya 5: Mbio

Sina mengi hapa. Hatua fupi, macho mita 4 au 5 mbele, mikono ikae wazi kidogo kwa ajili ya mizani. Kwenye mwinuko mkali tembea, mikono juu ya mapaja. Utaokoa nguvu na kupoteza sekunde chache tu. Viatu viwe na meno chini, na visiwe vipya siku ya mbio.

Kinachohitaji mazoezi ni kukimbia mara tu unaposhuka kwenye baiskeli. Dakika 10 za kwanza miguu inakuwa kama ya kuazima: mizito, mifupi, haikusikii. Haina ugonjwa. Kuanzia wiki ya sita, kila baada ya safari ndefu ya baiskeli, vaa viatu hapohapo ukimbie dakika 10, baadaye 15, baadaye 20. Ndani ya wiki tatu utaona hali ile inaisha mapema zaidi.

Hatua ya 6: Ratiba ya wiki

Saa 4 hadi 6 kwa wiki zinamtosha mwenye kazi na familia. Mimi hupumzika Jumatatu. Jumanne naogelea bwawani. Jumatano ni ufundi wa baiskeli, dakika 45. Alhamisi nakimbia polepole kilomita 4 hadi 6. Ijumaa napumzika, Jumamosi ni baiskeli ndefu porini, wiki za mwanzo kwa muda wa saa moja na baadaye kufikia muda wa saa mbili, ikifuatiwa na ile mbio fupi. Jumapili bahari, kama maji yanaruhusu. Wiki ya 4 na ya 8 punguza kila kitu kwa theluthi moja. Ya 12 punguza nusu. Ukikosa siku usiifidie kwa kubandika mbili pamoja, iache ipite.

Kwa chakula, usiku wa kabla ya safari ndefu kula ulichozoea, ugali au wali na mchuzi usio na mafuta mengi. Asubuhi uji na ndizi, saa mbili kabla. Njiani, safari ikizidi saa moja, tende mbili tatu kila nusu saa zinafanya kazi nzuri. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho letu la joto hili, kwa hiyo tia chumvi kidogo kwenye chupa yako.

Hatua ya 7: Jaribio, kisha siku yenyewe

Wiki ya 10, fanyeni jaribio lenu. Sisi tulikuwa sita Kigamboni: mita 400 za kuogelea asubuhi ya maji mafu, kilomita 12 za barabara za mchanga, kilomita 3 za mbio, mtu mmoja wa kulinda vitu na mwingine ndani ya mtumbwi wa kukodi akitufuata. Makosa yote yalitokea pale, na hayakutugharimu chochote. Mmoja alisahau soksi, mwingine alifunga viatu kwa mikono yenye mchanga na kuchubuka visigino. Tandika taulo dogo kando ya baiskeli: helmeti juu ya usukani, viatu vimefunguliwa, soksi zimekunjwa nusu, chupa moja ya maji ya kusuuza miguu.

Siku ya mbio, funga mkanda wa helmeti kabla ya kuigusa baiskeli, na usiufungue mpaka umeirudisha mahali pake. Ni sheria, na unaadhibiwa. Ndani ya eneo la kubadilishia sukuma, usipande. Kagua pia kwamba ncha za usukani zina vizibo, la sivyo wanaweza kuikataa baiskeli yako.

Majini, simama pembeni na nyuma. Waache wenye haraka watangulie, hesabu pumzi 10, ndipo uingie. Ukitoka, tembea mpaka moyo utulie. Kilomita 3 za kwanza za baiskeli zitaonekana rahisi mno na watu watakupita. Waache wapite, wengi wao utawakuta wakisukuma mlimani.

Jioni ileile, kabla hujalala, suuza baiskeli kwa maji baridi yasiyo na presha, hasa cheni na breki. Ikaushe kwa kitambaa, zungusha pedeli kinyumenyume ukidondoshea mafuta kila kiungo cha cheni, kisha futa yanayozidi. Chumvi ya bahari haisubiri asubuhi.